Taipureta Isiyokuwa na L

Juma lililopita, vijana wangu, niliwakabidhi funguo tatu za ofisi ya baraza: ya mlango, ya kabati, na ya kufuli ambalo sijaliona tangu nianze kazi. Mmoja wenu akaniomba niandike ninayoyakumbuka kabla hayajanitoka. Nimekubali, kwa sababu tangu nistaafu sina pa kwenda asubuhi, na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka migombani kukagua mikungu ambayo yeye alikwisha ikagua. Vyeo na mishahara sitavitaja. Jina la gombolola yetu, ile sehemu ya nchi iliyotawaliwa na baraza letu, nalo nitaliacha, maana baadhi ya nitakaowasema wangali hai na wanaijua njia ya kwangu.

Nilizaliwa Rugu, nikasoma shule ya misheni mpaka walimu wakaona yatosha, nikaingia ukarani katika miaka ya thelathini. Karani mkuu alikuwa Ta Kalokola. Ta ni kama kusema baba, ndivyo huku tunavyowaita wanaume wa heshima. Alitoka pande za Bukoba, Mlutheri wa kusali kabla ya kuchovya kalamu, na miwani yake ilishikwa sikio moja kwa waya na la pili kwa uzi.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, nikaamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekuja kuandika. Aliitikia marahaba, akaninyang'anya kalamu zote mbili. Akaniweka kwenye kigoda nisikilize mashauri tangu asubuhi hadi alasiri bila kuandika hata neno. Jioni akaniuliza nani alisema nini. Nilikosa karibu yote. Tuliendelea hivyo kwa wiki mbili, mimi nikisikiliza na yeye akiniuliza, na alipoona sasa nakosa machache alinirudishia kalamu moja. Ya pili sikuiona tena. Nilikuja kuitambua mkononi mwake miaka mingi baadaye, ikiandika vizuri kuliko ilivyowahi kuniandikia mimi.

Kuna jambo la ulimi inabidi nilieleze hapa, kwa sababu habari yote inasimama juu yake. Sisi Wanyambo ulimi wetu unaipenda R. Mwenzetu wa Bukoba akisema kula, sisi tunasema kura, na tukienda kulima tunakwenda kurima. Ta Kalokola hakuchoka kunitania kwa hilo. Alidai kwamba Mnyambo hali ndizi, huipigia kura. Mimi nilimjibu kwamba kura yenyewe hushinda kila siku saa saba mchana.

Mashauri yalisikilizwa kwa Kinyambo, lakini yaliandikwa kwa Kiswahili, kwa kuwa nakala ilikwenda Bukoba kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya. Kuyavusha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine ilikuwa kazi ya karani, na hakuna aliyemkagua. Kwa kweli karatasi hazikuwa na ukubwa siku hizo. Shauri likiisha, mwami, yaani mkuu wa gombolola, alitamka hukumu kwa sauti. Wakungu watatu, ndio wakuu wa vijiji, wakairudia mmoja baada ya mwingine, kisha aliyeshinda na aliyeshindwa wakanywa rubisi ya ndizi kutoka kibuyu kimoja. Mtu akitaka kujua hukumu ya miaka kumi nyuma, alikwenda kwa mkungu aliyekuwapo, akaketi, akaambiwa. Daftari la Ta Kalokola lilifunguliwa na panya zaidi kuliko na watu.

Ndipo taipureta ikaja. Ilitoka Bukoba kwa lori, ikavuka mto Kagera kwa kivuko pale Kyaka, na maili za mwisho ikabebwa kichwani kwa kuwa mvua ilikuwa imeikata barabara. Njiani iliangushwa. Kila mpagazi aliapa kwamba aliyeiangusha ni yule aliyempokeza. Tulipoitoa kwenye majani ya migomba ambamo ilikuwa imefungwa, herufi zote zilikuwapo isipokuwa L. Kile kimkono cha chuma kinachobeba L kubwa na L ndogo kilikuwa kimekatika na kupotea. Na L ilikuwa imeondoka na namba moja vilevile, maana mashine za aina ile hazikuwa na namba moja. Ulitakiwa kupiga L ndogo na kunyamaza.

Ta Kalokola aliizunguka mara mbili akiwa amefunga mikono nyuma. Akasema hawezi kukaa mbele ya chombo kisichoweza kuandika jina lake. Kwa sababu hiyo tu, wala si kwa sifa zangu, mashine ikawa yangu.

Niliipenda kupita kiasi. Nilijifunza kwa vidole viwili, na hivyo viwili vimenistaafisha. Utepe wa wino ulipokauka niliulainisha kwa tone la mafuta ya cherehani nililopewa na fundi nguo wa sokoni, na kwa siku tatu barua zote za serikali zilinukia suruali mpya. Namba moja niliipata kwa kupiga I kubwa. L ndiyo iliyonitesa. Mwanzoni niliacha nafasi, nikaja kuijaza kwa kalamu, kama Ta Kalokola alivyoniagiza. Lakini kila karatasi ilikuwa na nakala mbili za kaboni chini yake, na Kiswahili, mtakuwa mmeona, kina L nyingi mno. Baada ya wiki mbili nilichoka. Nikajisemea, watu wa hapa wote wanatamka R, nani atajua? Nikaanza kupiga R kila palipotakiwa L.

Hakuna aliyejua. Ofisi ikawa Gomborora, wilaya ikawa wiraya, wakulima wakawa wakurima, na watu waliosomewa walisema mashine hii inasema vizuri, inasema kama sisi. Katika gombolola nzima alilalamika mtu mmoja tu, naye jina lake sasa lilikuwa Karokora. Alikataa kutia sahihi chini ya jina hilo. Ilibidi kila alasiri nimpigie nafasi tupu, naye aijaze kwa wino huku akipumua kwa nguvu puani.

Tuliagiza herufi yetu kwa fundi wa Bukoba. Barua niliipiga mimi, kwa uangalifu mkubwa, nikieleza kimkono kilivyokatika na shida tunayoipata. Baada ya miezi kikaja kifurushi kidogo kimefungwa vizuri. Ndani mlikuwa na R. Nilikasirika sana mpaka nilipoitazama nakala ya barua yangu, nikakuta nimeandika, kwa vidole vyangu vilivyokwisha zoea, kwamba tunaomba herufi R. L yenyewe ilikuja mwaka uliofuata, kwa barua aliyoiandika Ta Kalokola kwa mkono wake, lakini kabla haijafika niliyatenda ninayotaka kuwaeleza.

Kwanza niseme mashine ilivyotubadilisha. Mwami aliipenda sauti yake, akaamuru iwekwe barazani hadharani, niwe napiga watu wakisema. Mashahidi waliokuwa wakimwaga maneno kama maharage kutoka guniani wakaanza kusema neno moja moja, macho yao yakiwa vidoleni mwangu. Mnaijua ile kengele inayolia mstari ukikaribia mwisho. Wazee waliamini ni mashine inayokataa. Niliona shahidi amesema ng'ombe walikuwa watano, kengele ikalia, akakohoa, akasema wanne. Sikumsahihisha. Kengele ile ilituletea ukweli mwingi kuliko kiapo, na wakati mwingine niliipigisha makusudi.

Karatasi nayo ikapanda cheo kuliko sisi sote. Watu waliitaka hata kwa mambo yasiyohitaji karatasi. Jirani yangu Laurenti alipoona jina lake limepigwa Raurenti, alimwambia padre kwamba hilo sasa ndilo lake, na wanawe wanalo mpaka leo. Na polepole, bila mtu kuamuru, wakungu waliacha kuirudia hukumu. Kwa nini wajisumbue, na imekwisha pigwa? Rubisi waliendelea kuinywa. Ile hatukuipunguza hata kibuyu kimoja.

Hapo ndipo likaja shauri la Ma Kokubanza. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye binti watatu na hana mtoto wa kiume. Yeye na marehemu mumewe walifyeka pori wenyewe wakapanda kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, mpaka kikawa kibanja cha kusimamisha wapita njia. Mume alipofariki, shemeji yake Katabazi alidai kwamba mwanamke asiye na mtoto wa kiume hana chake pale, akamtaka aondoke na binti zake arudi kwa kaka yake upande wa Kyerwa. Shauri lilichukua siku mbili. Majirani walishuhudia kwamba miramura, ile miti tunayoipanda mpakani, aliichimbia mashimo mwenyewe akiwa na mimba. Mwami aliamua kwa Kinyambo, kwa maneno machache: mama apewe kibanja chake, na mtu asimwingilie.

Nikapiga karatasi. Nikampa Ma Kokubanza moja na Katabazi moja. Watu wakanywa, wakatawanyika.

Haikupita wiki mbili, Ma Kokubanza akatokea barazani asubuhi akiwa ameshika kamba ya mbuzi wawili. Alimwamkia mwami, akafunga mbuzi kwenye nguzo, akasema Katabazi amemletea wanyama hawa na jembe jipya na mitungi miwili ya rubisi, kisha akatoa vyungu vyake nje na kulala ndani ya nyumba. Yeye na binti zake walikuwa kwa jirani. Alisema hakuomba mbuzi.

Katabazi aliitwa, akaja bila wasiwasi, karatasi yake imekunjwa mfukoni. Alikuwa amesomewa na mwalimu wa dini. Aliifungua akampa mwami. Mwami akaisoma kimya, akaisoma tena, kisha akasoma kwa sauti: Bibi Kokubanza arudishiwe mahari yake yote, na mtu asimwingirie.

Nilikuwa nimekusudia mahali. Mahali yake, kwa Kiswahili chetu cha huku, ingawa mwalimu wangu wa shule angelia na kusema ni mahali pake. Vidole vikapiga R kama kawaida yao, na mahali pa mtu pakageuka mahari ya mtu. Katabazi alieleza kwa adabu zote kwamba ametii serikali. Amerudisha mahari kama ilivyoandikwa, na mke akirudishiwa mahari hana ndoa, na asiye na ndoa hana kibanja. Ni kweli mila haisemi mahari arudishiwe mwanamke, lakini sheria za karatasi ni mpya, yeye ni nani azipinge.

Nikangoja mwami acheke. Hakucheka. Aliwatazama wakungu watatu waliokuwa wameketi naye siku ya hukumu, nao wakatazama karatasi. Mmoja akasema anakumbuka habari ya mipaka, lakini huenda na mahari ilisemwa. Mwingine akasema siku hizi hakumbuki vizuri. Mwami akaipapasa ile karatasi kwa kidole gumba.

"Kama mashine imeandika," akasema, "huenda ndivyo nilivyosema."

Mpaka leo neno hilo linanisumbua kuliko kosa langu. Alikuwa mtu aliyeweza kukutajia mashauri ya babu yako. Na pale alikuwa anakiacha kichwa chake mwenyewe kwa ajili ya vidole vyangu viwili.

Nami nikanyamaza. Nawaambieni nyinyi ili msije mkafikiri karani mzee alikuwa shujaa. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi niliogopa kuchekwa. Mwami akaahirisha mpaka Jumatano. Ma Kokubanza akawafungua mbuzi, akapita karibu na meza yangu, akaitazama mashine, hakunitazama mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Ta Kalokola alikuwa ameona kila kitu kupitia miwani yake ya uzi. Tulipobaki wawili nilianza kumweleza habari ya L, na wapagazi, na fundi wa Bukoba, na nakala za kaboni. Aliniacha nimalize.

"Mwami alisema neno gani kwa Kinyambo?" akaniuliza.

"Kibanja," nikasema.

"Kibanja kina L?"

Mashine ilikuwa na herufi zote za kibanja, tangu siku ile tulipoitoa kwenye majani. Mwami alisema kibanja, majirani walisema kibanja, Ma Kokubanza alisema kibanja siku mbili mfululizo. Mimi ndiye niliyeona ni neno la nyumbani, la jikoni, lisilofaa kusomwa na Bwana Shauri. Nilitafuta Kiswahili kizuri zaidi ili Bukoba wajue Rugu kuna msomi. Nikalipata neno moja lisiloweza kupigwa na mashine yangu wala kutamkwa na mdomo wangu.

Jumatano watu walijaa, maana habari za mbuzi zilikuwa zimefika mbali. Nilisimama kabla ya kuitwa, nikaomba ruhusa ya mwami niwaulize wakungu swali moja, kwa Kinyambo. Niliwaomba wasiitazame karatasi. Nikawauliza siku ile mwami alitamka nini apewe mama. Wa kwanza alifikiri kidogo, akasema kibanja. Wa pili akasema kibanja. Wa tatu, yule asiyekumbuka siku hizi, akasema kibanja, akaongeza na mti wa kona ya chini na jina la mtu aliyekohoa wakati mwami akisema.

Katabazi akauliza, sasa kwa nini karatasi inasema mengine. Swali lilikuwa la haki. Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba karatasi haikusema kitu, niliyesema ni mimi, kwa sababu nilitaka kuonekana nimesoma. Walicheka, vijana wangu, walicheka mpaka mwami akafuta macho kwa ncha ya kanzu. Nilidhani kicheko kile kitaniua, lakini kilinipita na nikabaki nimesimama, na kuanzia hapo nilisema kwa urahisi.

Mwami akaniambia nipige nyingine palepale. Nilikaa nikatafuta maneno ambayo mashine ile ingeweza kuyaandika bila kudanganya. Ilitoka hukumu fupi kuliko zote nilizopata kuandika katika kazi yangu: Kibanja ni cha Kokubanza. Asiondoshwe na mtu. Kabla mwami hajatia sahihi, mkungu wa tatu akasema safari hii wairudie kwa mdomo kama zamani, nao wakairudia wote watatu, na kuanzia siku hiyo desturi hiyo haikukatika tena, karatasi iwepo isiwepo. Nyinyi mmeikuta, na nimesikia mmoja wenu akisema inapoteza wakati.

Mimi sikufukuzwa. Mwami alisema akinifukuza atapata mwingine mwenye kosa asilolijua bado. Katabazi alichukua jembe lake, na mitungi yake ambayo kwa namna isiyoelezeka ilikuwa mitupu. Mbuzi mmoja alimfuata. Wa pili alikuwa amezoea maganda ya ndizi ya kwa jirani ya Ma Kokubanza, ikabidi abebwe.

Watu walipopungua nilimpelekea Ma Kokubanza karatasi yake. Nilimkabidhi kwa mikono miwili, nikamwambia, Mama, nisamehe, hii sasa imeandikwa vizuri. Nikamsomea yote, ilikuwa mistari miwili tu. Alinitaka nisome tena, nikasoma. Akaichukua, akaikunja taratibu mara nne, nami nikadhani ataifunga kwenye pindo la nguo kama walivyofanya wengine. Akanirudishia.

"Kaa nayo wewe, mwanangu," akasema. "Mimi sikusahau. Waliosahau ni nyinyi."

Akaita binti zake, wakaondoka kwenda kuingiza vyungu ndani.

Nimekaa nayo. Iko katika kitabu changu cha sala, imechakaa kwenye mikunjo lakini inasomeka. Ma Kokubanza amezeeka, na yuko kwenye kibanja chake, na binti yake mkubwa amejenga upande wa juu karibu na kahawa. Miaka yote hii hakuna mtu aliyekuja kuniomba niioneshe.